Pazia la Kura

(Ukurasa huu nimeuandika mwisho, nikaubandika mwanzo.)

Wote wanaosimulia habari ya pazia la gereza wanakosea. Kinyozi wa kona anasema lilichanwa kwa wembe. Muuza maji anasema panya. Shemeji yangu, ambaye hajawahi kukanyaga gereza hata kumpelekea mtu sabuni, anasimulia kama vile alijifunika hilo pazia, tena siku hizi ameongeza na mbwa. Hakukuwa na mbwa. Niliyekuwepo ni mimi. Kwa hiyo kaa chini, nyamaza, soma. Shule sikwenda. Herufi nilijifunza kwa kudarizi majina ya watoto kwenye sare zao, ndiyo maana mwandiko wangu umekaa kama kola mpya: umesimama, lakini unabana.

Tarehe 2, mwezi wa tatu

Mvua imeanza. Leo siku ya arobaini na moja niko mahabusu. Kosa langu nilishona mapazia. Mteja kaleta kitambaa, mimi nikashona, kumbe ni mashuka ya hospitali. Mhuri ulikuwepo pembeni, nikaukunjia ndani kwa sababu uliharibu sura ya kazi. Hakimu akasema niliukunja ili kuuficha. Nikamwambia, mheshimiwa, fundi asiyekunja kwa ndani huyo ni fundi gani? Watu wakacheka, yeye hakucheka. Toka siku hiyo kila nikipelekwa mahakamani karani anasema "faili halijafika," narudishwa.

Humu wananiita Babu Pindo. Nimepewa cherehani ya gereza kwa sababu fundi wao amemaliza kifungo, na mimi bila cherehani ni kama kuku bila kitu cha kuchakura. Sare zote za maaskari zinapita mkononi kwangu. Naandika kwenye karatasi za kukatia vipimo. Upande huu maneno, upande wa pili nimechora mkono wa shati. Wakikagua wanaona mkono wa shati.

Tarehe 5

Yupo mwalimu mmoja analala ubavuni mwangu, kaletwa kwa kosa la kuandamana. Mwembamba, miwani imefungwa kwa uzi wangu. Kutwa anataja vifungu vya sheria, mimi namwita Kasuku. Leo kaja mbio na kipande cha gazeti.

"Babu Pindo, tutapiga kura!"

"Kura ya nani asafishe choo?"

"Ya nchi nzima! Mahakama imeamua. Mahabusu hajahukumiwa, haki zake anazo. Na hata mfungwa, kilichofungwa ni mlango. Uraia wake haujafungwa."

"Basi waambie waniletee na uraia wa kula nyama."

Wodi yetu nzima ya mahabusu ikacheka. Kasuku naye akacheka, halafu akalisoma tena gazeti lake, midomo inatembea.

Tarehe 9

Mvua. Faili halijafika.

Tarehe 12

Makarani wa kuandikisha wapiga kura wamekuja na mashine ya vidole. Kidole changu cha kwanza mashine ikakataa. Cha pili ikakataa. Binti wa mashine akasema, "Babu, huna alama."

"Zimebaki kwenye suruali za watu, mwanangu. Miaka hamsini ya sindano. Ukitaka uzikusanye nyumba kwa nyumba."

Kilichokubalika ni kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, mvivu yule, hajawahi kushika sindano. Nikapata kadi. Nimeiweka kifuani, naipapasa kila saa kama mtu mwenye upele.

Kitu kimoja sikukipenda. Nyapara wetu, mfungwa aliyepewa kutusimamia, jitu pana kama kabati, alisimama nyuma ya karani akinakili majina yetu. Nikamtania, "Unatafuta mchumba?" Kwa kawaida hunijibu kwa tusi la kirafiki. Leo hakunijibu kitu.

Tarehe 20

Sasa nimejua kwa nini hakujibu. Baada ya hesabu ya asubuhi, nyapara katupanga mistari. Kasema kwa sauti ndogo, na mimi nawaogopa watu wapana wanaosema kwa sauti ndogo.

"Mnamjua anayegombea mtaa huu?"

Tukasema tunamjua. Ni shemeji yake Mkuu wa gereza, kaoa dada yake.

"Basi mmeshajua mtakavyopiga. Watu mia mbili na kumi na mbili, kura mia mbili na kumi na mbili. Atakayekosea atahamishiwa gereza la mbali, huko mke wake akitaka kumwona auze mlango wa nyumba. Na kabla ya kuhamishwa atapita kwangu."

Kasuku akanyoosha mkono kama yuko darasani. "Kura ni siri, kaka. Hutajua nani kapiga nini."

Nyapara akatabasamu. "Nitajua, mwalimu."

Mvua ilikuwa inapiga bati, lakini neno hilo kila mtu alilisikia.

Tarehe 21

Mvua. Hakuna aliyetania leo. Hata mimi.

Tarehe 27

Leo nimeitwa na Mkuu mwenyewe. Alikuja karakana, akawatoa wote nje, akakaa juu ya marobota ya kitambaa, akavua kofia. Mtu mpole. Ana sauti ya mganga wa meno.

"Mzee wangu, nasikia wewe ndiye fundi wa mafundi."

Nikamwambia hajasikia vibaya. Nikampa na hadithi ya bwana harusi aliyesafiri, nikamkatia suti kwa kukipima kivuli chake kilichobaki ukutani, ikamkaa sawasawa. Akacheka. Nami mjinga nikajisikia mkubwa.

"Nataka unishonee pazia la kibanda cha kupigia kura. Lizunguke pande zote nne. Kitambaa hiki hapa."

"Hiyo kazi ya nusu siku, afande."

"Upande wa nyuma, unaotazama mlango wa stoo, niachie nafasi. Vidole viwili upana, kiganja kimoja urefu. Usawa wa meza."

Nilikuwa nimeshika tepu. Nikaendelea kuishika.

"Nafasi ya nini, afande?"

"Ya hewa." Akavaa kofia. "Halafu lile faili lako, mzee. Limepotea, siyo? Mafaili hupotea. Hupatikana pia. Nikisema lipatikane, wiki ijayo uko kwa binti yako. Nisiposema, utashona humu mpaka macho yazime."

Nilitaka kusema neno. Wallahi nilikuwa nalo. Mimi ambaye nimewahi kumtoa chifu nje ya duka langu kwa kunidharau! Lakini nikaikunja tepu. Nikasema, "Ndiyo, afande."

 Toka saa hiyo nimekwenda chooni mara tano. Binti yangu alikuja kunitazama mchana, kanikuta nimejaa jasho kwenye baridi hii. "Baba, unaumwa?" Nikamwambia ni mvuke wa pasi. Kasema nyumba inavuja juu ya kitanda changu, kakisogeza, kaniwekea ndoo pale nilipokuwa nalaza kichwa. Nataka kwenda nikalale kwenye hiyo ndoo.

Tarehe 28

Nimelishona.

Mkuu alisema nikate tu kwa mkasi, niache hivyo hivyo. Nikakata. Kisha nikatazama ule mdomo wa kitambaa, nyuzi zinachungulia kama meno ya kizee, na mkono wenyewe ukachukua sindano. Nimeuzungushia mshono wa tundu la kifungo, pande zote, mishono iliyokaribiana kama ulezi. Sikulipanga hilo. Mimi siwezi kuacha kitambaa kimekatwa uchi. Mke wangu, Mungu amrehemu, alikuwa anasema mtu akiniua nitaomba uzi kwanza nishone jeraha lisichanike vibaya.

Mkuu kaja, kapitisha vidole. "Safi sana," kasema.

Hiyo ni sifa ya kwanza maishani mwangu iliyonitapisha.

Tarehe 3, mwezi wa nne

Ukaguzi wa ghafla. Wote nje kwenye mvua, bila mashati, mikono kichwani. Nikawa nahesabu: karatasi zangu ziko kwenye rundo la vipimo, salama. Kadi iko kwenye soksi. Kalamu... Kalamu nilikuwa nimemwazima Kasuku jana. Alikuwa anamwandikia wakili malalamiko juu ya yale maneno ya nyapara.

Wameikuta ndani ya godoro lake, pamoja na barua.

Nyapara kaishika juu. "Kalamu ya nani?"

Mahabusu hatuna ruhusa ya kalamu. Mimi nilipewa na karakana, ina alama nyekundu ya karakana. Aliyekuwa na macho angeiona. Kasuku alikuwa hatua mbili kutoka kwangu, maji yanamtiririka puani. Nilimtazama, nikamwomba kwa macho. Nasema ukweli: nilimwomba.

"Yangu," Kasuku akasema.

"Umeipata wapi?"

"Yangu."

Walimpiga pale pale kwenye tope, nyapara na askari wawili. Alipiga kelele mara mbili, kisha ikabaki ile sauti ya maji. Miwani ilikatika uzi wangu. Kapelekwa selo ya adhabu, ile isiyo na dirisha, siku kumi na nne.

Nami nilisimama, mikono kichwani.

Sitamwita Kasuku tena.

Tarehe 4

Naandika kwa chaki ya kuchorea vitambaa. Ukiona pamefifia, ni hivyo. Mvua.

Tarehe 8

Wakili wa mwalimu kaja. Binti mdogo, viatu vimejaa matope mpaka vifundoni. Kazuiwa kumwona mwalimu, basi kaomba kuniona mimi. Tukakaa mezani, askari akasimama kama amemezwa na ukuta, sikio limetutazama.

"Afande," akamwambia, "sheria inasema utuone, usitusikie. Hatua kumi nyuma."

Akasogea tatu.

Binti akainama. "Babu, kuna mtu anawatisha kuhusu kura?"

"Hakuna, mjukuu wangu."

"Mwalimu kaadhibiwa kwa nini?"

"Sijui. Mimi ni mtu wa uzi."

Akanitazama vile mama anavyomtazama mtoto mwenye sukari mdomoni. "Babu, ukisema, hakuna anayeruhusiwa kukuadhibu kwa kusema. Ipo kwenye sheria. Na mwalimu kuwa kwenye adhabu hakumwondolei kura yake. Siku hiyo nitahakikisha ameletwa."

"Hiyo sheria inalala wapi, mjukuu wangu? Maana mimi nalala humu."

 Akaniachia karatasi yenye jina lake. Nimeila. Kweli, nimeitafuna nikameza, kwa hofu, kama mbuzi.

Tarehe 11

Mvua. Ukuta wa choo umeanguka. Nyapara kanishika bega kwa wema, kaniambia, "Babu, mimi nimebakiwa na miaka sita. Mkuu kaahidi kunipunguzia. Nina mtoto hanijui sura." Nilitaka kumchukia. Nikashindwa kumchukia mpaka mwisho.

Tarehe 14

Faili limeonekana, nimeambiwa. Liko mezani kwa Mkuu. Kesho jioni, kura zikiisha, litatumwa.

Tarehe 15

Leo nitaandika mpaka chaki iishe.

Asubuhi waliniita mimi nikatundike pazia, kwenye ukumbi wa kulia chakula, kona ya stoo. Nikalitundika.  Tundu likakaa usawa wa meza, likitazama mlango wa stoo, na mlango wa stoo ulikuwa umeachwa wazi kiasi cha jicho. Ndani nilisikia mtu anakaa juu ya ndoo. Ndoo ililia kwa uzito. Nikajua ni nani.

Wasimamizi wakaingia, mkubwa wao mama mmoja wa makamo mwenye miwani, mwavuli unachuruzika. Waangalizi wawili. Wakili yule na matope yake. Sisi mia mbili na zaidi tumepanga mstari mpaka nje, waliokuwa nje wanalowa. Kisha mlango wa upande ukafunguliwa, mwalimu kaletwa. Siku kumi na mbili bila mwanga. Alikuwa amefumba macho kwa sababu ya taa, ameshika ukuta, anatembea kama anahesabu ngazi. Wakamweka nyuma yangu.  Nilisikia anavyohema, ubavu mmoja haufuati wenzake.

Mama wa miwani akakizunguka kibanda. Mara moja. Akaanza mara ya pili, akasimama nyuma, akatia kidole kwenye tundu, kikatokea upande wa ndani.

"Hiki nini?"



Mkuu akaja na ile sauti yake ya meno. "Samahani mama. Kitambaa cha zamani, kimechanika. Panya wengi humu. Na fundi wetu ni mzee, macho hayaoni, hushona ovyo. Nyapara atabana na pini, tuanze, watu wanalowa."

Mama akatazama saa. Akasema, "Basi bana na pini." Akageuka kwenda kukaa.

Nilijua hiyo pini itaishi dakika mbili. Nilijua mwalimu aliye nyuma yangu atapiga anavyotaka, kwa sababu ndivyo alivyoumbwa, na jicho la stoo litamwona, na safari hii mbavu hazitabaki. Nilijua pia faili langu liko mezani. Vyote hivyo nilivijua, na bado nilikuwa nimenyamaza, nitakuwa mkweli. Kilichonitoa si ushujaa. Ni lile neno. Ovyo.

"Mama," nikasema kwa sauti iliyojaa ukumbi, "hilo halikuchanika. Rudi ulishike."

Mkuu akasema, "Mzee, nyamaza."

"Mchano una nyuzi. Panya huacha meno. Hilo limepindwa, mama, mshono wa tundu la kifungo, pande zote. Panya gani anajua kupinda? Nimelishona mimi kwa mkono huu. Nimeagizwa vidole viwili kwa kiganja, na aliyeniagiza ni huyo amesimama hapo. Ukitaka kujua ni la nini, fungua mlango wa stoo."

Mama alirudi. Akalishika, akalileta karibu na miwani, akapitisha ukucha kwenye mishono yangu, polepole, kote. Wakili alikuwa ameshafika kwenye mlango wa stoo. Akausukuma. Nyapara alikuwa amekaa juu ya ndoo, magoti yamefika kidevuni, na ile orodha ya majina mapajani. Akasimama kama mtoto aliyekutwa na sufuria.

Mkuu akaanza, "Mzee huyu haoni vizuri, hawezi kushona kitu kama..."

"Siwezi?" nikamwambia. "Suruali uliyovaa nimeipinda mimi kwa mshono huo huo. Geuza pindo, afande, mama alinganishe!"

Na watu wote, wasimamizi, maaskari, mstari mzima mpaka kwenye mvua, wakatazama chini miguuni mwa Mkuu. Akarudisha mguu nyuma. Ukumbi ulipasuka kwa kicheko, hata mama wa miwani alijificha na mwavuli.

Pazia likashushwa, likatiwa kwenye mfuko, likafungwa kwa lakiri. Blanketi tatu zikatundikwa badala yake. Stoo ikafungwa, ufunguo akashika mwangalizi. Tukapiga kura mmoja mmoja. Ndani ya blanketi giza tupu, harufu ya jasho, meza, kalamu iliyofungwa kwa kamba. Nilikaa humo mpaka wakaniita. Sikumbuki mara ya mwisho nilipokuwa mahali ambapo hakuna anayeniona.

Jioni wageni walifunga masanduku yao wakaondoka. Geti likafungwa. Mkuu alibaki. Nyapara alibaki. Mimi nilibaki.

Tarehe 16

Sijala. Kila ufunguo unaolia nasema huo ni wangu. Mwalimu karudishwa selo ile ile. Faili halijaenda popote.

Tarehe 17

Wakili kaja na karatasi ya mahakama: mwalimu atolewe kwenye adhabu, aonwe na daktari, mimi nihamishiwe wodi nyingine, nisiguswe, faili lipelekwe ndani ya siku saba. Karatasi yenyewe ni ndogo kuliko kola. Nilimwuliza, "Hii ndiyo itanikinga?" Akasema, "Hii na mimi kuja kila siku, babu." Akawa anakuja. Kila siku, na matope.

Tarehe 23

Mkuu kahamishwa. Hakuna aliyesema kashtakiwa, kahamishwa tu. Shemeji yake kashinda huko nje. Humu ndani kapata kura kumi na nne.

Tarehe 2, mwezi wa tano

Niko nyumbani kwa dhamana. Mvua zimepungua. Binti yangu kakirudisha kitanda mahali pake. Mwalimu bado yuko ndani, kesi yake mwezi ujao, nami nitaitwa kusema habari za pazia mbele ya hakimu. Kila gari likisimama nje ya mlango natazama kwanza kwa upenyo.

Karatasi hizi nimempa binti yangu asome, na nilizipitia kwa kalamu ili asihangaike. Alipofika kwenye suruali ya Mkuu alicheka mpaka akashika mbavu, akaenda kuwaita majirani. Nikamwacha acheke. Alikuwa hajacheka toka nilipokamatwa.

Lakini kwa kuwa nitaapishwa, bora nijizoeze hapa. Hilo la suruali nimelitia mimi. Na ile sauti iliyojaa ukumbi pia ni ya kuongeza. Mama wa miwani alinitaka nirudie mara tatu ndipo akasikia. Nilipomaliza kusema "nimelishona mimi" hakuna aliyecheka. Nilikaa chini sakafuni, nikajikojolea, na mwalimu, aliyekuwa haoni, akapapasa mpaka akanipata kichwa, akaacha mkono wake hapo.